Kichwa Mikononi mwa Mwingine: Namna Asiyejua Anavyoweza Kumchagua Ajuaye

Swali la namna mtu asiye na ujuzi anavyoweza kumtambua mwenye ujuzi ni kongwe katika falsafa, na hadi leo halina jibu linalokubaliwa na wote. Mgonjwa humchagua tabibu ilhali hajui utabibu, mwenye kesi humchagua wakili ilhali hajui sheria, na muumini humfuata mwanazuoni ilhali hana uwezo wa kuzipima dalili anazozitoa. Na katika kila hali uamuzi huachiwa mtu ambaye, kwa kukosa elimu inayohusika, ndiye asiye na uwezo wa kuufanya vizuri. Makala haya yanalichunguza swali hilo mahali ambapo wanafalsafa hawajazoea kulitafuta, yaani katika uchaguzi wa saluni ya kupaka nywele rangi kwa mkono huru.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo mno kustahili uchunguzi wa aina hii. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 1, katika risala yake juu ya ufupi wa maisha, aliwakemea wanaume waliokaa saa nyingi kwa kinyozi wakishauriana juu ya kila unywele, na wako wahubiri wa leo, misikitini na makanisani, ambao wangemuunga mkono bila kusita. Hata hivyo, uzito wa swali la kuaminiana haupimwi kwa thamani ya kitu kinachokabidhiwa. Katika hospitali, mgonjwa huzungukwa na vyeti, kanuni, mabaraza ya kitaaluma na maoni ya daktari wa pili, hata uamuzi wake mwenyewe ukafichika ndani ya uamuzi wa taasisi. Katika saluni, msaada wa namna hiyo ni haba au haupo kabisa, kwa hiyo mtu huchagua peke yake, hulipa kwa fedha yake, kisha hubeba matokeo ya uchaguzi wake hadharani kwa miezi au miaka. Mahali palipo wazi namna hiyo ndipo umbo la tatizo linapoonekana vizuri. Wala si kweli kwamba anayejua ameepukana nalo. Wahenga waliosema kwamba kinyozi hajinyoi waliona kuwa utegemezi huu hautokani na ujinga tu bali na umbile la mwanadamu lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyejaliwa macho ya kukiona kisogo chake. Fundi hodari kuliko wote naye hana budi kukaa kitini, kuinamisha kichwa, na kumwachia mwingine.

Mbinu inayozungumziwa, ambayo mafundi huiita balayaji, ilipata umbo lake katika saluni za Paris, Ufaransa, mnamo miaka ya 1970, na saluni ya akina dada Carita ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko lake. Kabla ya hapo, aliyetaka mistari myeupe ndani ya nywele zake alivishwa kofia yenye matundu na nywele zikavutwa nje kwa kulabu nyembamba, au alitengewa mafungu sawasawa, kila fungu likapakwa dawa na kufungwa ndani ya karatasi ya foili. Njia hizo zina ramani, yaani mpangilio unaoweza kuandikwa kitabuni, kufundishwa darasani na kurudiwa kichwa hadi kichwa. Balayaji haina ramani ya namna hiyo. Fundi hushika brashi na kupaka dawa ya kung'arisha juu ya uso wa mashungi aliyoyachagua kwa jicho lake, akianza kwa wepesi karibu na katikati ya urefu wa nywele na kuongeza kiasi kadiri anavyoshuka kwenye ncha, ili rangi ya asili iliyo kwenye mizizi iyeyuke kidogo kidogo ndani ya rangi mpya kama inavyotokea kwa nywele zilizopigwa na jua la miaka mingi. Faida yake ni kwamba nywele zinapokua hauonekani mpaka mkali kati ya mpya na za zamani, kwa hiyo mwenyewe anaweza kukaa miezi kadhaa bila kurudi saluni. Gharama yake ni kwamba kila kitu hutegemea mkono na jicho la mtu mmoja.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea ndani ya unywele, kwa sababu bila maelezo hayo haieleweki ni kitu gani hasa kinachokabidhiwa. Unywele umefunikwa kwa magamba yanayolaliana, na chini ya magamba hayo lipo tabaka nene la keratini, ambayo ni protini ngumu iliyofungamanishwa kwa viunganishi vya salfa. Humo ndimo zilimo chembe za melanini zinazoupa unywele rangi yake. Dawa ya kung'arisha, ambayo saluni nyingi huiita blichi, ni unga wenye chumvi za pasalfeti unaochanganywa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6, 9 au hata 12. Mchanganyiko huo huyainua magamba, huingia ndani na kuichoma melanini kwa oksijeni, lakini hauwezi kuichagua melanini peke yake, kwa hiyo sehemu ya viunganishi vya salfa navyo huvunjika katika tendo lilelile. Nywele nyeusi sana, ambazo ndizo nywele za watu wengi wa Afrika Mashariki, hazirukii kwenye rangi ya dhahabu kwa mara moja. Hupitia kwanza wekundu wa kahawia, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na kila hatua hupunguza kitu katika nguvu ya unywele. Zaidi ya hayo, dawa iliyopakwa bila kufunikwa hukauka hewani, na ikikauka huacha kufanya kazi. Ndiyo maana balayaji, kwa tabia yake, hung'arisha kwa upole kuliko foili inayohifadhi joto na unyevu. Fundi anayemwahidi mteja mwenye nywele nyeusi tii kwamba atatoka na nywele za rangi ya asali isiyoiva kwa kikao kimoja, tena kwa mkono huru, ama haifahamu dawa yake ama anaifahamu na hasemi kweli.

Jambo la mwisho katika maelezo haya ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa swali lililopo. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi si kiungo hai. Kidonda hupona na mfupa uliovunjika huunga, lakini unywele uliochomwa na dawa haujirekebishi, na kitakachomrudishia mwenyewe alichokuwa nacho ni muda peke yake, kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa mwezi. Mwenye nywele za sentimita 30 atakayeharibiwa zote atangoja miaka miwili na nusu.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, alieleza kwamba kumwamini mtu ni kumwachia jambo unalolijali huku ukimpa hiari ya kuamua namna ya kulitunza, na kwa hiyo ni kukubali kwamba akitaka, au akizembea, anaweza kukudhuru. Maelezo hayo yanaifaa balayaji kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya saluni. Anayesuka mistari anaweza kusahihishwa katikati ya kazi na hata kufumua. Anayepaka kwa foili amefungwa na mpangilio. Lakini anayepaka kwa mkono huru amepewa hiari yenyewe, kwa sababu hiari hiyo ndiyo kiini cha ufundi, na mteja anayetaka kumnyang'anya kwa kumwelekeza kila mpigo wa brashi atakuwa ameiharibu kazi aliyokuja kuitafuta. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, aliwataja waashi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia kipimo cha risasi, madini laini yanayojipinda kufuata umbo la jiwe, akaonyesha kwamba yako mambo ambayo kanuni isiyopinda haiyafai, na kwamba hapo ndipo busara ya mtu inapochukua nafasi ya kanuni. Kichwa cha binadamu ni jiwe la namna hiyo: nywele za utosini hazilali kama za kisogoni, zilizojikunja huonekana fupi kuliko zilivyo, na mwanga huangukia upande wa uso kwa namna tofauti na nyuma ya shingo. Mwanafalsafa Michael Polanyi naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alidai kwamba ujuzi wa binadamu siku zote unazidi anachoweza kukisema, na kwamba sehemu kubwa ya ufundi hukaa mwilini, isiyoweza kuhamishwa kwa maelezo. Ikiwa Polanyi yu sahihi, basi hata fundi mwaminifu kabisa hawezi kumwonyesha mteja ujuzi wake kwa maneno, na tatizo linazidi kuwa gumu.

Aliyelisema tatizo hilo kwa ukali kuliko wote ni Plato. Katika majadiliano yaitwayo Charmides, Socrates anawauliza wenzake jinsi mtu anavyoweza kumpambanua tabibu wa kweli na anayejifanya tabibu, na hoja inamfikisha mahali pa kukatisha tamaa: atakayetaka kumpima tabibu hana budi kumpima katika mambo ya afya na maradhi, na anayeyajua mambo ya afya na maradhi ni tabibu mwenyewe, kwa hiyo ni tabibu tu awezaye kumpima tabibu. Ukiihamishia hoja hiyo saluni, itakuwa kwamba ni mpaka rangi tu awezaye kumchagua mpaka rangi, na wengine wote wanabahatisha.

Aristotle hakuikubali hoja hiyo. Katika kitabu cha tatu cha Siasa alitoa majibu mawili yasiyofanana. La kwanza ni kwamba ziko kazi ambazo anayezitumia huzihukumu vizuri kuliko aliyezifanya: mkaaji huijua nyumba kuliko mjenzi, nahodha huujua usukani kuliko seremala, na mgeni karamuni hukijua chakula kuliko mpishi. La pili ni kwamba katika kila fani, mbali na mtendaji na bingwa, yupo mtu wa tatu ambaye ameelimishwa kidogo juu ya fani hiyo, hawezi kuitenda, lakini anaweza kuihukumu. Jibu la kwanza linavutia, nalo ni kweli kwa kiasi: mwenye nywele ndiye atakayeishi nazo, ndiye atakayejua kama zinamkaa, kama zinachanika kirahisi, kama zinamfanya ajione ni yeye au mtu mwingine. Lakini hukumu hiyo huja baada ya kazi kumalizika, ilhali uchaguzi hufanywa kabla, na mkaaji aliyegundua kwamba nyumba inavuja hakusaidiwa chochote na ugunduzi wake siku ya kumchagua mjenzi. Jibu la pili lina nguvu zaidi, na halikuishia kwa Wagiriki. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kinachosimulia safari yake ya kutoka katika shaka, alifundisha kwamba mtu anayetaka yakini juu ya daraja la mwingine na aijue kwanza kazi yenyewe kwa kadiri fulani. Aliyejifunza kitu katika tiba na fikihi, kwa kuzitazama hali za watu na kuyasikiliza maneno yao, ataweza kutambua kwamba Shafii alikuwa mwanasheria na Galen tabibu. Ghazali alikuwa na jambo kubwa zaidi akilini, kwa maana mifano hiyo aliileta ili kueleza jinsi nabii anavyotambulikana, lakini njia aliyoionyesha inafaa pia mahali pa chini: mtu ajifunze kiasi cha kumwezesha kusikiliza.

Kabla ya kuifuata njia hiyo, inafaa kuzitazama njia ambazo watu huzifuata kwa kawaida, na kuona kwa nini hazitoshi. Inayotumika zaidi leo ni picha, na picha ni shahidi dhaifu. Hupigwa dakika chache baada ya nywele kukaushwa na kupindwa kwa chuma cha moto, chini ya taa zilizochaguliwa, kwa upande uliopendeza. Huonyesha rangi, wala haionyeshi kama unywele utakatika baada ya kuoshwa mara kumi. Sifa za watu nazo zina kasoro yake, kwa sababu zinasema yaliyotokea kwenye kichwa kingine. Wahenga walishauri kwamba mwenzako akinyolewa nawe tia maji, na katika mambo mengi ushauri huo ni wa busara, ila hapa unahitaji tahadhari: nywele za jirani hazikupitia yaliyozipata nywele za mwingine, na dawa iliyomfaa mmoja kwa kiwango na muda uleule inaweza kumvunja wa pili. Vyeti vina manufaa yake. Nchini Ufaransa sheria inadai kwamba saluni isimamiwe na mwenye sifa za kitaaluma, na katika Afrika Mashariki vipo vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha kazi hii. Anayeonyesha cheti ameonyesha angalau kwamba alikubali kufundishwa. Lakini cheti huthibitisha yale yanayoweza kutahiniwa, na mkono huru ndio huo usiotahiniwa kirahisi. Bei haisemi kitu.

Wanauchumi wamelifafanua tatizo hili kwa namna inayosaidia. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni walizitenga bidhaa ambazo ubora wake haujulikani kwa mnunuzi hata baada ya kuzitumia, tofauti na zile zinazokaguliwa dukani na zile zinazojulikana zikishaonjwa. Fundi wa gari aliyesema kifaa fulani kimekufa husadikiwa tu, kwa sababu mwenye gari hana njia ya kujua kama kilikuwa kimekufa kweli. Balayaji imechanganya aina mbili. Uzuri wake huonekana mara moja kwenye kioo, lakini usalama wake haujulikani. Na nywele zinapoanza kukatika mwezi wa pili, mteja huambiwa kwamba nywele zake zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, au kwamba hakutumia mafuta aliyoshauriwa, wala hana namna ya kulikanusha neno hilo. Hapa ndipo jambo la ufundi linapogeuka kuwa jambo la haki.

Wanasheria wa Kiislamu walilishughulikia suala la haki kwa undani unaostahili kukumbukwa, kwa sababu vitabu vyao vimejaa mifano ya watu wa kazi za mikono: mshonaji, mfua nguo, mtia rangi vitambaa, mpiga chuku. Fundi anayepokea kazi za watu mbalimbali kwa ujira walimwita ajiri mushtaraki, nao walihitilafiana kama anapaswa kulipa kitu kikiharibika mikononi mwake bila uzembe. Wako waliosema alipe, kwa hoja kwamba bila hivyo mali za watu hazitasalimika, na msimamo huo unanasibishwa na Ali bin Abi Talib. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, yaani hawajibiki isipokuwa kwa alichokikosea mwenyewe. Lakini Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Shafii aliyekisimulia kitabu cha al-Umm, ameeleza kwamba mwalimu wake, ingawa aliiona kauli hiyo kuwa ndiyo sahihi, alikuwa hapendi kuitangaza, kwa kuchelea kwamba mafundi wabaya wangeifanya ngao. Kusita huko kwa mwanazuoni mkubwa kunafundisha kuliko kauli yenyewe: alijua kwamba sheria inaweza kuwa ya haki kwa fundi mwema na wakati huohuo ikawa mlango kwa fundi mwovu, na kwamba hakuna maandishi yanayoweza kuwapambanua wawili hao. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine, inayomwajibisha mtu anayetibu watu bila kujulikana kwa ujuzi wa tiba, inaongeza kipengele kingine, kwa kuwa humo kosa halikuwekwa kwenye madhara peke yake bali kwenye kuingia kazini bila ujuzi unaotambulika. Hata hivyo, fikihi huja nyuma ya tukio. Inasema nani alipe. Haisemi nani achaguliwe.

Jibu la nani achaguliwe linapatikana pale msingi wa fumbo la Plato unapochunguzwa. Fumbo hilo limejengwa juu ya dhana kwamba ujuzi wote uko upande mmoja na ujinga wote uko upande wa pili. Dhana hiyo haisimami mbele ya kichwa cha mtu. Fundi anaijua dawa, anajua mwendo wa rangi, ana mkono. Lakini hajui, wala hawezi kujua kwa kutazama, yale yaliyozipata nywele zilizo mbele yake. Kama mteja alitia dawa ya kulainisha yenye haidroksidi ya sodiamu miezi minane iliyopita, viunganishi vya salfa vimekwisha kubadilishwa, na blichi itakuta ukuta ambao nusu ya matofali yake yamechomolewa. Kama alitia hina, rangi yake imeshikamana na keratini na itang'oka kwa shida. Na kama hina hiyo ilikuwa ya paketi, iliyochanganywa na chumvi za madini ili ishike haraka, chumvi hizo zinaweza kupambana na peroksaidi, nywele zikapata joto na kukatika wakati dawa ikiwa bado kichwani. Kama aliwahi kuchorwa kwa piko kwenye harusi na ngozi yake ikawasha au kutoa malengelenge, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili wake umejifunza kuikataa parafenilinidiamini, kemikali iliyomo katika rangi nyingi za nywele za kudumu na ambayo piko nyingi hutengenezwa nayo. Mtu huyo akipakwa rangi ya kuweka kivuli kwenye mizizi yenye kemikali hiyo, anaweza kuvimba uso mzima. Katika miji ya pwani, ambako hina na piko ni sehemu ya kila harusi na kila Idi, historia hizi hazikosekani, na hakuna kitabu cha Paris kinachoweza kumwambia fundi ni nani kati ya wateja wake anayezibeba.

Basi anayeketi kitini si mjinga anayemkabidhi mjuzi kila kitu. Ni shahidi pekee wa mambo ambayo mjuzi anayahitaji ili ujuzi wake usigeuke kuwa hatari. Na kutokana na hilo hupatikana alama ambayo asiye fundi anaweza kuisoma bila kuujua ufundi: je, anayejidai kujua anajua pia kwamba kuna asichokijua, na anakitafuta kwa nani? Fundi anayeuliza juu ya miaka miwili iliyopita, anayeshika shungi na kulivuta taratibu kuona kama linanyumbuka au linakatika, anayepaka kidogo nyuma ya sikio na kusubiri saa 48 kabla ya kutumia rangi ya kudumu, anayeijaribu blichi kwenye shungi moja lililofichika kabla ya kuieneza kichwani, huyo anafanya hadharani, mbele ya macho ya asiyejua, lile tendo ambalo Socrates alilitafuta bila kulipata, yaani kuonyesha mpaka kati ya anachokijua na asichokijua. Mteja hawezi kuhukumu mpigo wa brashi, lakini mtu yeyote anaweza kutambua kama ameulizwa au hakuulizwa.

Alama yenye uzito kuliko hiyo ni kukataa. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara aliyoitoa kupitia BBC mwaka 2002, alisisitiza kwamba linalotakiwa si kuongeza kuaminiana kwa jumla bali kuweka imani mahali panapoistahili, na kwamba hilo linahitaji ushahidi. Ushahidi wa maneno mazuri ni hafifu kwa kuwa maneno mazuri yana faida kwa anayeyasema. Ushahidi wa kukataa ni wa aina nyingine, kwa sababu fundi anayesema kwamba nywele hizi hazitahimili, au kwamba rangi iliyo kwenye picha itahitaji vikao vitatu vyenye nafasi ya wiki kadhaa, au kwamba kazi hii ataiweza mwenzake wa mtaa wa pili kuliko yeye, amepoteza fedha ya siku hiyo kwa kusema kweli. Inawezekana kukataa nako kukawa hila, kwa mtu anayetaka kujionyesha au kupandisha bei, lakini hila hiyo ni ghali na haidumu. Wengi hawawezi kuilipia mara kwa mara.

Mzigo, hata hivyo, hauko upande wa fundi peke yake, na hapa ndipo maadili ya dini yanaposema waziwazi zaidi kuliko falsafa. Uislamu na Ukristo, kwa njia tofauti, vinafundisha kwamba mwili haukuachwa kwa mwenyewe kama mali isiyo na hesabu: Muislamu huuhesabu kuwa amana aliyopewa na Mola wake, na Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Mabishano ya kama kubadili rangi ya nywele kunafaa yanajulikana, na katika Uislamu yanarejea kwenye riwaya ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliyeletwa siku ya kutekwa kwa Makka kichwa chake kikiwa cheupe kabisa kwa mvi, ikaamrishwa zibadilishwe rangi na iepukwe nyeusi. Mlango wa kupaka rangi kwa hiyo haukufungwa, ingawa wanazuoni wameendelea kujadili mipaka yake. Kinachosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba amana haiishii kwenye rangi, inafika hadi kwenye nani anakabidhiwa na kwa ukweli gani. Mteja anayeficha kwamba alitia dawa ya kulainisha, kwa aibu au kwa hofu ya kukataliwa, amemfanya fundi afanye kazi gizani, na madhara yakitokea hawezi kuyabandika yote kwa aliyeshika brashi. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako wanawake wengi ambao wamewahi kudharauliwa kitini kwa sababu ya hali ya nywele zao, hasa nywele za kipilipili zinazoitwa mbaya na watu waliopaswa kuzijua, na ambao kwa sababu hiyo wamejifunza kunyamaza. Ukimya huo si kosa lao. Saluni inayomfanya mtu aone haya kusema ukweli juu ya kichwa chake imejinyima yenyewe elimu inayoihitaji kuliko zote, na kwa hiyo heshima katika saluni haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la huduma, bali ni sehemu ya ufundi kwa maana kamili ya neno hilo.

Inafuata kwamba uchaguzi mwema hauwezi kufanywa kwa kutazama ukuta wa picha wala kwa simu moja ya kuuliza bei. Unahitaji ziara ya kwanza isiyo na dawa, ya mazungumzo tu, ambayo saluni nyingi nzuri huitoa bila malipo au kwa malipo madogo. Anayekusudia kupaka rangi kwa mkono huru na aende siku hiyo akiwa na nywele zilizooshwa, zisizo na mafuta wala pindo la pasi, aseme kila kilichowahi kupakwa kichwani mwake, hina na piko vikiwemo, kisha aombe shungi moja lijaribiwe na arudi baada ya siku mbili kuliona. Akikataliwa ombi hilo, au akiambiwa kwamba majaribio ni ya wasiojiamini, na aondoke kabla blichi haijachanganywa.